Mkono wa Pili wa Rangi

Imelda alivyosimulia kisimani, Raphaeli aliingia makumbusho ya Isansa kwa mlango wa uani, akajaza gunia majembe ya chuma ya mababu ayavushe mpakani Tunduma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mizimu ya wazee wenye majembe yao ikamwangushia ukuta, akafa. Imelda hakuwepo. Siku hiyo alikuwa mnadani Igamba anauza kuku. Lakini alisimulia mpaka jinsi gunia lilivyopasuka, na jua lilipofika utosini kijiji kizima kilikuwa kimeliona lile gunia.

Ndiyo maana asubuhi ya maziko, uani kwa Gwantwa, mkewe Raphaeli, hapakuwa na mtu. Sufuria za jumuiya hazikuletwa. Vijana walipita njiani na majembe begani, wakashika njia ya mashamba ya kahawa. Yesaya, shemeji yake, alianza kuchimba kaburi peke yake. Shimo lilipomfika magotini, akakaa.

Gwantwa alijifunga kitenge, akaenda makumbusho.

Kwa mbele ile nyumba ya wamisionari iling'aa: uzio mpya, geti jipya, bango la ukarabati. Nyuma kulikuwa na kifusi cha tofali mbichi, na ncha za mikaratusi zimechomoza humo. Gwantwa aliitambua. Yeye na mumewe waliikata pamoja shambani kwao.

Clement, msimamizi wa makumbusho, alikuwa anamwelekeza mpaka rangi aliyeshika brashi.

"Mama Aida. Pole sana, dada yangu."

"Asante, bosi. Kaburi halijachimbika. Wanasema hawamchimbii mwizi."

"Watu wa hapa kwa midomo!"

"Mwizi anakwenda kuiba na miti begani? Wewe ulimpigia simu mimi namwekea chakula. Ukamwambia hela ya ukuta imeishia kwenye geti, aje auegemeze kwa miti mpaka mgeni rasmi apite."

Clement alimtupia jicho mpaka rangi, akashusha sauti.

"Sikia. Mgeni anakuja kesho kuzindua. Nikisema nilimtuma fundi, nitaulizwa ukuta wa nyuma ulikuwaje, na sisi tulishasema umejengwa upya. Wewe nitakuletea unga, sukari, na turubai."

"Turubai akae nani?"

Clement alimgeukia mpaka rangi. "Ufa huo juu ya dirisha unaonekana. Piga mkono wa pili."

Brashi ikapanda. Ufa ukainywa rangi, ukabaki pale pale. Ikapigwa tena.

"Unga sitaki, baba," Gwantwa alisema. "Njoo nyumbani uwaambie kwa mdomo wako: nilimtuma mimi. Basi. Nipate watu wa kunizikia mume wangu."

Clement alikuwa amesogea nyuma hadi getini, jicho moja kalifumba, anapima kama ufa utatokea kwenye picha za kesho.