Chupa ya Mita Elfu Mbili

Saa nne na dakika kumi asubuhi mashine iliandika sabini na moja, Jisna, mwanafunzi, akaisoma tena, sabini na moja, kiwango cha kaboni cha maji ya juu, ndani ya chupa ya maji yaliyotekwa baharini kwenye kina cha mita elfu mbili, haiwezekani, mwani hufa juu, huyeyuka, bakteria hula, wakala tena hadi kibaki wasichokiweza, na hicho ndicho huzunguka gizani kwa maelfu ya miaka, arobaini hivi, si sabini… "Nywele," Dakta Kuruvila alisema nyuma yake, "nyie wasichana wa Kochi na mafuta yenu ya nazi," "mwenzenu Mungu aliniondoa kwenye kesi hiyo mapema," akasema Anselm, fundi wa melini, akipapasa kipara chake, wakacheka, Jisna hakucheka, kofia alivaa, glavu alivaa, lakini alijikuna sikio, au hakujikuna, "au mitungi ya kutekea maji ndiyo michafu," Dakta aliendelea, "basi tumwage maji yote," yote, ya vina ishirini, siku kumi na mbili za kutapika melini, na meli hairudi kule hadi mwakani, miaka mitatu ya masomo kwenye sinki… aseme hakupaka mafuta, nani atabisha, mama alimshika kichwa mlangoni, usiende baharini na utosi mkavu, mole, binti yangu, utapata mafua, akachomeka kichupa kwenye begi, naye alipaka, kila asubuhi alipaka, hata asubuhi ile… ila ngoja, kila mtungi ulijaza chupa mbili, moja aliijaza yeye, moja Anselm, na Anselm hana hata unywele mmoja, kwa hiyo kama uchafu ni wa nazi basi mitungi ni safi, na bahari yote imekaa salama kwenye chupa za kipara, ajabu, sasa hivi tu alikuwa akiomba kosa lisiwe lake, na sasa analitaka, liwe lake, lake peke yake… "Nilipaka, sar," alisema. "Siku ngapi?" "Zote." Dakta alivua miwani. "Zote, na unaniambia leo." "Tupime chupa pacha, sar, ya kaka Anselm." "Mke wangu asisikie kipara kimepata kazi," Anselm alisema, akaenda kwenye friji, Jisna akabaki amesimama palepale, mikono imetulia, haombi tena, anangoja tu kujua.
Saa nne na dakika ishirini na mbili mashine iliandika arobaini na moja.