Marehemu wa Ukurasa wa Kwanza

Mejumaa aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka hamsini na mbili, alfajiri, baada ya kuswali na kabla ya kupika chai ya mumewe. Kisha alijitanda buibui, akatoka Kibokoni kwenda ofisi ya meli alikokuwa mpokeaji simu, na huko alishinda kutwa akiunganisha maneno ya watu wengine. Likizo ya kuandika aliiomba mara nyingi. Bwana Oloo, mkubwa wa ofisi, alimjibu kwa upole kwamba likizo hutolewa kwa ugonjwa, uzazi na msiba. Kuandika hakumo.

Mumewe, Menza, alipima samaki kwenye bohari moja Liwatoni. Hakuwa mtu mbaya. Hakumzuia mkewe kuandika, wala hakumuuliza anaandika nini. Alichouliza ni chai.

Jioni moja, mvua za El Niño zikimwagika, hodi ikapigwa.

"Karibu!" akajibu Menza, kama ajibuvyo mtu yeyote Mombasa, kabla ya kujua anamkaribisha nani.

Akaingia mwanamume mrefu mwenye kanzu kavu kabisa. Akaamkia kwa adabu, akavua viatu, akaketi mkekani walipokuwa wakila. Menza akamfuata mkewe jikoni.

"Yule nani?"

"Mbwarali. Wa kwenye kitabu changu, sura ya tatu."

"Anataka nini?"

"Sijui. Sura ya nne sijaiandika."

Haya, mgeni ameshakaribishwa, na kumtoa ni aibu. Mbwarali akapewa wali na samaki changu wa kupaka. Mejumaa akasema, kwa kusema tu, kwamba leo kazini kuna mwanamke aliyepiga simu asubuhi nzima akimtafuta baharia wake.

"Halafu?" akauliza Mbwarali.

Mejumaa akaendelea.

"Halafu?"

Mejumaa akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya leso. Mara ya mwisho Menza kuuona mcheko ule, binti yao Mwanasha alikuwa hajazaliwa, na Mwanasha sasa ni mama wa watu. Wivu ukamkaba pale pale, akaomba maji.

Mbwarali akawa haji ila kila jioni. Menza akaanza kujipaka uturi. Akapiga pasi kanzu yake mwenyewe, akaiunguza. Kichwa cha samaki, ambacho ni haki ya mwenye nyumba, kilikuwa bado kikiwekwa mbele yake, na hilo halikumtuliza hata chembe. Macho ya Mejumaa yalikuwa upande wa pili wa sinia.

"Muue," akamwambia siku moja. "Mtie homa, mtose baharini, utakavyo."

"Nikimuua, baba Mwanasha, kitabu kinakwisha hapo hapo."

"Na huyo mwanamke wa kitabuni hana mume? Mbona anacheka na wanaume ovyo?"

"Alikuwa naye. Alikufa ukurasa wa kwanza."

"Alikuwa nani huyo mume?"

"Mpima samaki," akasema Mejumaa. "Wa Liwatoni."

Menza akanusa mikono yake.

Riwaya ilipokwisha, vitabu vilichapwa Nairobi, vikakawia kwa sababu barabara ilikatwa na mafuriko, mwishowe basi likaviteremsha Mwembe Tayari. Mejumaa akagawia majirani. Swabaha wa nyumba ya pili alisoma ukurasa wa kwanza, akafunga kitabu, akajitanda, akaja na birika la kahawa.

"Pole, shoga yangu. Mungu akupe subira," akamwambia Mejumaa. Kisha akamgeukia Menza, aliyekuwa akifunga kikoi chake. "Na wewe, shemeji, Mungu akurehemu."

"Amin," akajibu Menza. Nani hukataa dua?

Basi ikawa hivyo. Hitima ikasomwa, na Menza akala pilau yake sahani mbili. Kesho yake, Liwatoni, askari wa getini alimpa mkono wa pole na kumwambia mahali pake pameshapata mtu. Bwana Oloo naye akaleta salamu kwamba Bi Mejumaa apumzike hadi eda iishe, msiba ni msiba. Mejumaa akavaa nyeupe, akakaa ndani, akaanza riwaya ya pili.

Menza alifurahi, tena sana. Mwanamke aliye edani haonani na mwanamume wa kando, kwa hiyo Mbwarali alikomea barazani. Marehemu si mtu wa kando. Alikaa chumba kimoja na mjane wake kutwa nzima, akimsikiliza yule wa nje akikohoa, na roho yake ikaburudika.

Siku moja, karibu na adhuhuri, Mejumaa alituliza kalamu, akatabasamu.

"Huyu mwanamke wangu wa safari hii," akasema, "keshakata shauri."

"Halafu?" ikauliza sauti ya barazani.

Mejumaa hakugeukia dirishani. Alimtazama Menza, akangoja. Menza akaona anatazamwa. Neno lenyewe alilijua, amelisikia kila jioni. Akafungua kinywa.

"Chai bado?"

Mejumaa akaweka kalamu chini, akenda jikoni kumtelekea marehemu chai. Akamtilia sukari nyingi, kama alivyopenda enzi za uhai wake.