Mabaki ya Chupa ya Sita

Jumatatu asubuhi, mwaka wa 1937, Gaspar, karani wa serikali mwenye kazi ya kupima maji, alifika Mtoni na stovu, mizani ndogo na mabakuli saba meupe. Bwana Husseinali alikuwa akiuza maji ya chemchemi kwa chupa, mengi yakienda melini, na bila cheti cha Gaspar hakuruhusiwa kuuza hata moja.

Kazi yenyewe ni ya subira. Maji humiminwa bakulini, huchemshwa polepole mpaka yakauke yote, kisha kinachobaki hupimwa: chokaa, chumvi, chuma.

"Usinikaushie chupa zote, Gaspar," alisema Husseinali. "Meli haingoji."

"Na stovu haisikii amri, bwana."

Tunu, muosha chupa, alisimama mlangoni, mikono imechubuka kwa magadi. Tangu chemchemi ilipozungushiwa seng'enge, watu wa hapo waliteka kwenye dimbwi la bondeni, wanakokunywa ng'ombe. Binti yake Siwema, wa miaka sita, aliharisha siku tatu akafa. Arobaini yake ilisomwa Ijumaa iliyopita. Sasa mdogo wake, Jabiri, naye ameanza kuharisha. Tunu alitaka jambo moja tu, lango lifunguliwe, japo asubuhi asubuhi.

Chupa tano zilibakiza unga mweupe. Ya sita ilipokauka, bakulini palikuwa na unga mweupe na Siwema, urefu wa kidole, amesimama kwa mguu mmoja kwa kuwa bakuli lilikuwa bado la moto.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Tulia, mizani isicheze."

Gaspar akampima. Gramu nne.

"Karani, huyo mwanangu," alisema Tunu. "Muulize maji gani yamemuua. Akisema mwenyewe, nani atabisha?"

Husseinali alivua kofia yake ya zari, akajifuta jasho. "Muulize. Mie simzuii."

"Ulikunywa maji ya chemchemi hii?"

"Sikunywa. Lango lilifungwa. Nilikunywa ya dimbwini."

"Na humu chupani umeingiaje?"

"Nilikuwa na kiu. Nilipokufa, seng'enge haikunizuia."

Gaspar aliandika yote. "Basi maji ya chupa hayana kosa," alisema kwa upole.

"Si ndicho ninachosema mie!" alisema Tunu. "Haya ndiyo mazima, tufungulieni!"

"Fomu inauliza ya chupa, dada. Dimbwi halina fomu."

Katika safu ya vinginevyo akaandika gramu nne. Husseinali alivaa kofia yake, akatazama pembeni.

"Mama, kiu," alisema Siwema.

Tunu alichovya kidole katika chupa ya saba, akamdondoshea. Hakuna aliyemkataza. Siwema alikunywa tone la kwanza, akakenua, akaomba jingine. La pili lilipomgusa miguu ikaanza kuyeyuka, kisha magoti, na yeye akaendelea kunywa mpaka bakulini pakabaki maji kidogo tu.

Gaspar alingoja kidogo. Halafu akakata gramu nne kwa mstari mmoja, akaandika: hakuna. Akagonga muhuri.

"Leo toka mapema, Tunu," alisema Husseinali. "Kamtazame mtoto."

Tunu akashukuru. Mlinzi alimfungulia lango, akapita, likafungwa. Akachukua debe lake akateremka bondeni, kwa sababu Jabiri alikuwa akililia maji tangu alfajiri.