Koki ya Ntate Metsing

Koki haijawahi kunishinda. Mke alinishinda, mgodi ukanirudisha nyumbani na vidole vinane, lakini koki, hapana. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, 'Me 'Malikeleli, aliponiita mara ya tatu kwa koki ileile ya uani, nilijua mji mzima wa Mokhotlong utanicheka.

"Ntate Khoarai, leo umekuja kukaza au kusalimia?" aliniuliza, blanketi limefungwa juu ya mimba ya miezi saba.

"Nimekuja kuposa. Nasikia mume yuko mgodini."

Hakucheka. "Kinadondoka tena."

Hakusema maji. Baba mkwe wake aliitwa Metsing, jina ambalo kwetu ni kama kusema ndani ya maji, na mke hatamki jina la baba mkwe wala neno lililojificha ndani yake. Miaka tisa ya ndoa ameomba "kile cha kunywa". Mzee alikufa Februari. Mwiko haukufa naye. Hata hilo jina la 'Malikeleli, yaani mama wa Likeleli, alipewa na mzee siku ya harusi. Likeleli mwenyewe hajazaliwa.

Nilifungua koki. Raba mpya, nzima kabisa. Ila nati ya shingoni ilikuwa imelegezwa, na kwenye shaba kulikuwa na mikwaruzo ya spana yenye jino lililovunjika. Spana hiyo naijua. Niliiweka mimi ndani ya jeneza la mzee, kama alivyoomba.

"Nani amegusa hapa?"

"Unamjua. Namsikia kila alfajiri. Anakuja kukaza."

"Hii imelegezwa, 'Me."

"Tangu akiwa hai alikuwa anakazia kushoto."

Kushoto ndiko kulegeza, kila fundi anajua.

"Mwaka jana ilivuja hivihivi," akasema. "Nilimwambia mzee, akajibu kesho. Usiku baridi ikapasua bomba. Nikawa nashuka chemchemi ya bondeni, nikateleza kwenye barafu. Aliyekuwa tumboni hakufika."

Mawingu ya theluji yalikuwa yameshakaa juu ya milima. Bomba likipasuka tena, njia ni ileile, na tumbo ndilo hili.

Nikavua kofia. "Ntate Metsing, niachie kazi yangu."

Koki ikajibu: ti, ti, ti.

"Mimi si wa nyumba yake," nikasema. "Mwite wewe, kwa jina."

"Nimtaje? Wataniita mke asiye na adabu."

"Na ukiteleza watakuitaje?"

Alisimama mbele ya koki. Midomo ilijaribu mara mbili.

"Metsing," akasema. "Ulisema kesho. Kesho yako ilinichukulia mtoto. Nusu nimekusamehe. Nusu nyingine bado, na huwezi kuilipa kwa spana. Toka kwenye koki yangu."

Tone lililokuwa mdomoni mwa koki lilining'inia. Nililitazama mpaka macho yakauma. Halikuanguka, lilirudi ndani.

Nikaweka spana yangu nikaze nati. Haikusogea. Ilikuwa imekazwa tayari, kuelekea kulia, kwa nguvu ambazo mimi sina.

"Funga gunia kwenye bomba, ntate," 'Malikeleli akasema. "Theluji imeanza."

Nikafunga.