Mruko wa Dorika Kwenye Matanga

Mjomba Nikolao alikufa asubuhi, bomba la kupulizia salfa likiwa mgongoni, katikati ya mikorosho yake kule Newala. Hakuugua wala hakulalamika hata kichwa. Dorika alipopigiwa simu Dar es Salaam alidhani wanamchezea, maana juzi tu mjomba alimwuliza kambi ya timu ya taifa inaanza lini.

Huyo mjomba ndiye aliyemlea. Ndiye aliyefunga rimu ya baiskeli kwenye nguzo ya jikoni akamwambia, haya, zuia watu wasifunge. Dorika akazuia, akazuia, mpaka akavaa zile herufi za GK kifuani, mlinzi wa mwisho wa mpira wa pete wa nchi nzima. Ameruka Kampala, ameruka Lusaka, ameruka Gaborone. Wafungaji wa nchi za watu walikuwa wakiiona ile mikono inapanda, mpira wenyewe unawaponyoka.

Ila kulikuwa na jambo moja alilolificha. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Lilianza Pasaka, na tangu hapo alikuwa analifunga bandeji, anavaa soksi ndefu juu yake, anameza vidonge na kunyamaza. Wiki ijayo ni kambi, baada ya kambi ni mashindano ya Afrika. Umri umeshampita nusu uwanja. Akiachwa safari hii haitwi tena, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Siku ya kuanua matanga likaingia gari jeupe, akashuka Kocha Mabel mwenyewe, vumbi la njia ya Masasi mpaka kwenye kope. Watu wakashangaa. Kocha wa taifa, kwenye mkeka wao!

"Shikamoo, mwalimu," Dorika alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nikasema siwezi kutuma salamu kwa simu."

Muda si mrefu wakaingia watani wa ukoo, watu wa Masasi, kelele zikitangulia. Hao ndio waliochimba kaburi, ndio waliopika, na leo ilikuwa zamu yao ya kuigiza watu ili wafiwa wacheke. Mbele yao alikuwa Swaumu, muuza dagaa wa sokoni, mwanamke mnene mwenye miguu myepesi. Alivaa koti la marehemu, akabeba bomba mgongoni, akakohoa kikohozi kilekile.

"Mama Dorika! Dada yangu! Nipe uraka, ile pombe ya mabibo, koo limekauka! Mmenizika na kiu!"

"Lala huko, umeshakufa!" mama yake Dorika akamjibu, anacheka huku machozi yanamtoka.

Swaumu akavua koti, akajifunga khanga kiunoni, akachukua miiko miwili ya ugali, mmoja kila mkono, akainyoosha juu. Ikawa mikono mirefu kama ya Dorika.

"Mnanijua mimi? Mimi Dorika! Nimelala Gaborone kwenye godoro la springi, leo mnanipa mkeka! Nani afunge hapa? Afunge nani?"

Watu wakaanguka kwa vicheko. Dorika naye alicheka mpaka akashika mbavu. Ndipo Swaumu akaruka.

Alitua kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto aliuacha hewani kidogo tu, kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Kisha akauma mdomo, akapapasa goti chini ya khanga, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Dorika akashusha mkono kutoka mbavuni. Yote aliyoyaficha yalikuwa pale, hata ule mdomo. Na kukasirika hawezi, mtani hakasirikiwi.

Kocha Mabel hakucheka.

"Mama, samahani. Hebu rudia hapo."

Swaumu alidhani anasifiwa. Akarudia, akaongeza na jinsi Dorika alivyopiga goti kaburini kutupa udongo, mguu wa kushoto umenyooshwa pembeni.

"Umeyaona wapi hayo?"

"Kwa mwenyewe! Siku ya kuzika. Na jana tulikwenda wote bondeni kuchota maji, mimi nyuma yake, nikasema huyu nitamweka..." Akauona uso wa Dorika. Miiko ikashuka. "Lakini sisi watani, mwalimu. Sisi tunaongeza chumvi."

"Dorika," kocha alisema. "Ruka."

"Mwalimu, hapa msibani?"

"Mwenzio kaisharuka. Mara moja tu, moyo wangu utulie."

Dorika akafungua khanga, akabaki na traksuti. Akaruka. Kiganja kikagonga bati la baraza. Akatua kwa miguu yote miwili, sawasawa, na ndani ya goti kitu kikalia kama korosho inayopasuka motoni. Akatabasamu. Vigelegele vikapigwa.

Kocha akashusha pumzi. "Mtani wewe, umenitisha!" Akaaga wazee, akachukua mkoba. "Haya Dorika, nisindikize mpaka kwenye gari."

Dorika hakusogea.

"Dorika, mgeni anaondoka," mama yake akasema.

"Nakuja."

Alikuwa amesimama palepale alipotua, tabasamu bado liko usoni, jasho linashuka shingoni. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Swaumu akatupa miiko, akaja mbio, akaingiza bega chini ya kwapa lake.

"Niegemee," alinong'ona. Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Wakavuta hatua moja. Dorika akapiga ukelele ambao hakuna uwanja uliowahi kuusikia kwake.

Kocha alirudi, akapiga magoti mavumbini na suruali yake nzuri, akaipandisha traksuti. Bandeji juu ya bandeji. Akajiziba mdomo kwa mkono.

"Tangu lini?"

"Pasaka."

"Na ulitaka kucheza mashindano yote hivi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kocha alimkodolea macho. "Na mimi ningekupanga. Ee Mungu wangu, ningekupanga mechi zote."

Swaumu alikaa chini, khanga usoni. "Nilitaka mcheke tu, jamani. Nilitaka mcheke."

Kocha Mabel alisimama, akatoa simu, akawapa mgongo. Dorika alimsikia anaita jina la Regina, yule mlinzi wa akiba, na kumwambia afungashe.