Meza Iliyotazama Mlango

Duka la Karwitha la picha mjini Isiolo lilikuwa dogo, mteja akikaa kwenye kiti cha picha za paspoti, magoti yanagusa meza ya kompyuta. Meza yenyewe ilitazama mlango, skrini ikionekana na kila aingiaye. Siku alipopewa kazi ya arusi ya Fahmo aliigeuza ikatazama ukuta, maana ndivyo alivyowaahidi wenye arusi. Lakini joto lilipozidi akairudisha apate upepo. Alijiambia picha zimefichwa ndani ya folda isiyoonekana, sasa meza ina kosa gani?

Picha hizo hazikuwa za kila mtu. Zilikuwa za alasiri ya wanawake. Simu zote ziliachwa mlangoni ndani ya karai, karai likafunikwa shuka, wanaume wakabaki nje ya ua na chai yao. Ndani nywele zikafunguliwa. Wanawake wakaimba buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, huku mmoja mmoja akiingia katikati kucheza, na bibi arusi akacheza mpaka viatu vikamtoka. Kamera ilikuwa moja tu. Karwitha ni Mmeru, wa kanisa, lakini ni mwanamke, na Amino, mama yake Fahmo, alimshika mkono akamwambia, "Hii ni amana. Jicho la mwanamume lisiifikie."

Basi asubuhi moja kompyuta ikamaliza kupokea mfumo mpya, ikawaka na sura ngeni. Folda hazikuwa pale alipozizoea. Karwitha akatafuta akachoka, mwisho akapakua programu nyingine ya kupangia mafaili, ile ambayo Kubai, fundi wake wa kompyuta, alikuwa akiisifu, inayogawa skrini pande mbili, huku unatoa, kule unaweka. Ikamwuliza maswali kabla ya kuanza. Ionyeshe na vilivyofichwa? Ionyeshe picha zikiwa kubwa? Ikifunguliwa tena, ianzie pale alipoishia? Karwitha akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekaribishwa chai ugenini. Akafungua folda ya Fahmo aone kama picha zimepona. Zilikuwapo zote. Akamshukuru Mungu, akaifunga programu, akasahau.

Haukupita muda akaingia Abdinajib, dereva wa pikapu iendayo Merti, na salaam aleikum yake.

"Aleikum salaam. Karibu, mzee."

"Nipige nikiwa na mashavu, mama. Ile picha ya zamani, askari wa barabarani wananiuliza kama nimetoroka hospitali."

"Mashavu leta mwenyewe. Mimi naleta mwanga tu."

Wakacheka. Akampiga picha, akafungua programu ili aingize picha, kisha akainama chini ya meza kutafuta waya wa kamera.

Alipoinua kichwa, Fahmo alikuwa amejaa kwenye skrini. Nywele mabegani, mikono juu, anacheka. Naye Abdinajib alikuwa amekigeuza kiti kizima, ametazama ukuta ambao haukuwa na kitu ila kalenda. Akasimama, akatoka akitazama viatu vyake, na picha hakuzingoja.

Kesho yake akaja mkewe kuzichukua. Alipokwisha kuzitia kwenye mkoba akasema polepole, "Amesema nikwambie meza yako inatazama mlango."

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza."

Karwitha angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini hakuweza. Kila alipoanza kuilaumu programu alikumbuka kwamba programu iliuliza, na aliyejibu ni yeye. Akafunga duka, akaenda kwa Amino, akamweleza yote, hata habari ya joto.

Amino alisikiliza mpaka mwisho. Chai aliyoimimina ikapoa.

"Mama Fahmo, macho hayana pazia," Karwitha akasema.

"Najua hayana. Ndiyo maana pazia nilikupa wewe ulishike."

Wakaenda dukani pamoja. Meza ikageuzwa, mlango ukafungwa, Amino akaketi karibu na flashi mkononi.

"Zihamishe," akasema. "Usibakize nakala."

Upande wa kushoto ukapungua, wa kulia ukajaa, mpaka kushoto pakawa peupe. Wakamwaga na pipa la taka la kompyuta. Amino akaifunga flashi kwenye ncha ya shuka yake.

"Nitakwenda kwa Fahmo nimwombe radhi," Karwitha akasema.

"Ili wewe upumue, yeye ashindwe kupita sokoni? Abdinajib ni mtu, amefunga mdomo. Na wewe funga. Hili tutalibeba mimi na wewe."

"Ni zito, mama."

"Nani alikwambia litakuwa jepesi?"

Wiki iliyofuata Fahmo mwenyewe akaingia na kibuyu cha maziwa ya ngamia, uso umejaa furaha. Akaiona meza ukutani na jasho la Karwitha.

"Dada, utaiva huko kwenye kona. Si uivute mlangoni?"

"Hapa panatosha."

"Sawa. Sikiliza, wifi yangu anaolewa Kinna. Walikuwa wanaogopa kamera, nikawaambia huyu ni wetu. Picha zangu amekaa nazo muda wote huo, na hakuna jicho lililoziona."

Karwitha akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Ulimi ulikuwa tayari, neno lilikuwa mdomoni. Akaikumbuka ile ncha ya shuka iliyofungwa fundo.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kadi ya kamera nitaiacha kwa mama yake bibi arusi palepale. Sitarudi Isiolo na picha hata moja."

Fahmo akacheka. "Kwa nini ujisumbue hivyo? Sisi tunakuamini."

Karwitha akainama chini ya meza, akitafuta waya ambao haukuwa umepotea.