Bidoni ya Paulin

Virginie alikuwa akisonga bukari ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi la mtaa wa Annexe, mumewe Paulin aliporudi kutoka kiwandani akiwa mvuke. Alipenya katika tundu la ufunguo, akatanda chini ya mabati, akanuka tindikali kama jioni nyingine zote. Virginie alifunika sufuria, akaziba nyufa kwa matambara, kisha akamwomba aingie katika bidoni ya manjano ya kutekea maji. Akaingia. Hakupata kuwa mume mbishi.

Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Paulin alikuwa amechochea tanuri la shaba tangu ujana wake, na katika masomo ya watu wazima pale parokiani Virginie alifundishwa jinsi vitu vinavyojishika. Chembe za kitu kigumu hushikamana, zikatetemeka papo hapo. Za kimiminika huteleza, moja ikiipita nyingine. Za gesi hutimka, kila moja na njia yake. Joto ndilo huziachanisha. Tanuri lilikuwa limemtikisa Paulin hata akaachana.

Virginie alikwenda kiwandani na bidoni mkononi, kuomba mumewe apumzishwe kama mtu aliyepatwa na ajali. Dominique, msimamizi wa zamu, alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Accident inaomba mwili, mama. Mwili iko wapi?"

Kisha akaipokea bidoni na kumfungulia Paulin ndani ya mabomba ambayo mtu mwenye mifupa hawezi kuyaingia. Paulin aliyasafisha vizuri sana. Ikaamriwa aletwe kila siku.

Basi Virginie akawa anampeleka asubuhi na kumchukua jioni. Majirani walimwamkia, wakaiamkia na bidoni. Mama Delphine, wa nyumba ya pili, alimtania: "Wako angalau haendake ku bar." Virginie alicheka.

Baridi ya Juni ilipoingia hakucheka tena. Kwa baridi hiyo Paulin alipoa akawa maji, na maji hupimika. Mwanzoni yalifika shingoni mwa bidoni. Baadaye yalifika katikati. Mwishowe hayakuzidi kina cha kidole. Sehemu yake nyingine yote ilikuwa imetokea kwenye bomba la moshi la kiwanda, na wanawake wa mtaa walipoanua nguo walizikuta zina jasho lake. Wakazifua upya, bila kinyongo.

Asubuhi moja Virginie alifika langoni mwa kiwanda kabla jua halijapanda, akaitua bidoni miguuni pa Dominique, akaifungua.

"Muko munamumaliza bwana yangu. Angalia: kunabakia hii tu."

Dominique aliangalia. Akaibeba mwenyewe, akaiweka mbele ya mlango wa tanuri na kungoja. Maji yakaamka, chembe zikaachana, na Paulin, yule kidogo aliyebaki, akaenea kutoka pembe hadi pembe, kwa kuwa gesi hujaza chombo chote ilichomo, iwe nyingi, iwe haba.

"Unaona, mama? Iko plein."

Wakubwa wawili waliokuwa wakipita walichungulia, wakakubali kwamba imejaa, wakaenda zao. Bidoni ikapelekwa kwenye mabomba.

Virginie hakuondoka. Alisimama langoni mchana kutwa, meno yameumana, na hasira ikamtetemesha papo hapo kama chembe za jiwe. Wafanyakazi walimzunguka kwa adabu walipopita.

Jioni akapewa bidoni. Aliinyanyua kwa kidole kimoja. Ilikuwa imejaa.